Mama Alikatazwa Kuitika

Mama yangu hakuwa na mazoea ya kusema kwamba Mungu amesema naye. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa na kuzeeka Igowole, katika usharika wa Kilutheri ambamo watu husimama pamoja na kukaa pamoja, na mtu hasimami peke yake kueleza alichoota. Lakini alikuwa mtu wa kuitwa. Sisi watoto tulilijua jambo hilo kama tulivyojua kovu la gotini mwake. Angeweza kuwa shambani, jembe mkononi, akasimama ghafla kama aliyeguswa bega, akanawa miguu kijitoni na kuondoka. Akiulizwa, alijibu tu, "Nimeona niende." Siku moja aliacha maharage yakichemka, akaenda kwa jirani ambaye hawakuwa wakisalimiana naye kwa ajili ya ugomvi wa mpaka, akamkuta anajifungua peke yake sakafuni. Siku nyingine alipanda kilima chote katika manyunyu, akafika kwenye nyumba aliyoielekea, akakuta watu wazima na salama wanakula viazi. Akakaa nao, akala, akarudi amelowa. Baba alimcheka.

"Sasa ulifuata nini huko?"

"Nimeenda," mama alisema. "Kama kulikuwa na kitu, hakikuwa changu kukiona."

Ninaanza na hayo kwa sababu siku hizi habari za kusikia sauti ya Mungu zimekuwa nyepesi mno midomoni mwa watu. Mungu amemwambia huyu anunue kiwanja kile, amemwambia yule amwoe binti fulani, amemwambia mwingine ahame ofisi. Katika miaka yangu ya kufundisha hapa Iringa nimesikiliza ushuhuda mwingi wa namna hii, na sikumbuki hata mmoja ambamo sauti hiyo ilimwamuru mtu jambo asilokuwa amekwisha kulitamani. Nimewasoma pia waliotafakari suala hili zamani, watu waliokaa kimya miaka mingi kabla ya kuthubutu kuandika, na nilichojifunza kwao ni kwamba anayeitwa kweli kwa kawaida angependelea aitwe mwingine. Sikuwa nimewaza kwamba ningekuja kuyapima mafundisho hayo juu ya kitanda cha mama yangu mzazi.

Alipougua saratani, mdogo wangu wa mwisho alimpeleka kwake Mbeya, mtaa wa Soweto, ili awe karibu na hospitali. Huyu mdogo wangu mama alimpenda kuliko sisi wote, wala hatukuona wivu, ndivyo ilivyokuwa. Naye alimpenda mama kama mtoto anayeshika upindo wa khanga ya mamaye na kuamini kwamba ni mkono wake unaomzuia asiondoke. Sasa alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na kikundi cha maombi kilichokutana sebuleni kwake. Wenzake walimwita Mtumishi.

Madaktari walipomaliza yaliyokuwa katika uwezo wao walisema mama arudishwe nyumbani, apewe dawa ya maumivu na kutunzwa. Nilisafiri kutoka Iringa kwenda kumchukua. Nilimkuta amelazwa chumba cha uani, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, amebaki macho na mifupa ya mashavu. Alinishika kidole, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza habari za mavuno:

"Mwanangu, ameniita. Nipelekeni nyumbani nikamwitikie kwangu."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo. Katika maisha yake yote alikuwa akienda bila kumtaja aliyemtuma. Sasa kwa mara ya kwanza alimtaja. Nilimwelewa papo hapo, na mdogo wangu aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji alimwelewa pia, maana uso wake ulibadilika.

"Mama, hiyo siyo sauti ya Mungu," alisema. "Mungu amesema na mimi. Ameniambia utaishi."

"Amekuambia lini, baba?"

"Siku ya mfungo. Aliniambia waziwazi."

"Basi labda alikuwa anasema habari zako," mama alisema bila kebehi, akafumba macho.

Jioni ile wapendwa wa kikundi walikuja. Walikuwa watu wanaoheshimika, ninaweza kusema hata wema: mke wa mwalimu, fundi wa pikipiki, muuguzi mstaafu ambaye bila shaka alijua mgonjwa anayekaribia kufa anafananaje. Walimzunguka mama. Kwao kulikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja: mgonjwa hazungumzii kifo. Haagi. Hausii. Akitamka neno la kuondoka, neno hilo huhesabiwa kuwa mlango uliofunguliwa kwa adui, na ni lazima alikatae kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi, ili mlango ufungwe.

"Mama yetu," muuguzi alisema kwa upole, "umesema umeitwa. Sema sasa: sikuitwa. Sema: nakataa."

"Siwezi kusema hivyo, mama. Nimesikia."

"Uliyemsikia siye."

"Mimi namjua," alisema mama.

Niliingilia. Nilisema kwamba mwanamke huyu amemcha Mungu tangu kabla ya wao kuzaliwa, na kwamba sioni ni nani kati yao aliyepewa madaraka ya kukagua mazungumzo yake naye. Fundi wa pikipiki alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Dada yetu ni msomi," aliwaambia wenzake, kana kwamba alitaja ugonjwa wa pili katika chumba kile.

"Dada," mdogo wangu alisema, "roho ya mashaka inazuia. Nakuomba utoke. Nakuomba kwa heshima."

Nisingetoka. Lakini mama alinitazama na kusogeza mkono wake kidogo kuelekea mlangoni. Alikuwa na hofu moja tangu tukiwa wadogo, kwamba watoto wake watagombana mbele yake. Nikatoka, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa chini ya dirisha, na kila kitu nikakisikia.

Waliimba, wakakemea, wakaimba tena. Katikati ya nyimbo walimwomba aseme, naye akanyamaza. Walimwinua akae, kwa kuwa kulala ni ishara ya kushindwa. Dawa yake ya maumivu ilisogezwa mbele, kwa kuwa ingemlewesha kabla hajakiri. Nilimsikia akiugua. Nilimsikia mdogo wangu akilia, na hilo ndilo lililomshinda mama. Si nguvu za maombi yao bali kilio cha mtoto wake. "Mama, usiniache, sema tu neno, ni neno moja." Kisha sauti yake, nyembamba, ya mtu aliyechoka kukataliwa:

"Haya. Sikuitwa. Nakataa."

Shangwe iliyofuata ilisikika mtaa mzima.

Asubuhi alikunywa uji wote. Maumivu yakatulia, rangi ikamrudia kidogo, jambo ambalo kila aliyewahi kuuguza analijua na hujifunza kutoliamini. Kwa mdogo wangu lilikuwa jibu. Na kwa kuwa mama sasa alihesabiwa kuwa mzima, hakukuwa tena na sababu ya kumzuia asirudi Igowole. Mdogo wangu alikodi gari mwenyewe, akamweka kwenye kiti kwa mikono yake, akamfunga mkanda. Ruhusa ya kwenda nyumbani, ambayo mama alikuwa ameiomba ili akafe, alipewa kama zawadi ya kutokufa.

Hatukuwa tumefika hata Chimala mama aliponiuliza:

"Mtu akiitwa akasema hapana, anaitwa tena?"

Nilimwambia kwamba Mungu hamshiki mtu kwa neno lililokamuliwa. Nilimweleza hivyo kwa maneno mengi mazuri, kwa maana nimeyasoma, nami ninayaamini. Aliangalia tambarare za Usangu na ng'ombe wa wahamaji waliokuwa wakivushwa barabara, akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Lakini nilisema," alisema. "Hakuna aliyenishika ulimi."

Niliomba likizo ya kuuguza, nikabaki naye. Watu wa Igowole walikuja na kuni, na viazi, na kuku aliyefungwa miguu. Walimsalimu "kamwene" mlangoni, na mama akawaitikia akiwa amejiegemeza ukutani. Mahindi yalipandwa, yakaota, yakapaliliwa. Hakufa. Maumivu yalirudi yakiwa na hasira, hata ilibidi niwe nikiifuata dawa yake Mafinga, na siku za ukungu alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi yote ya nyumba. Lakini hakufa, na kila Jumapili kule Mbeya mdogo wangu alisimama mbele ya wapendwa kueleza jinsi mama yake alivyokiri uzima kwa kinywa chake na kuishi. Alinitumia rekodi za sauti zao wakishangilia. Sikumsikilizisha mama. Hata hivyo alijua, kwa maana wageni walikuja, wengine kutoka mbali, kumtazama mtu aliyekataa kifo. Walitaka kumshika mkono. Mwanamke mmoja alimletea mtoto mgonjwa amguse.

"Mimi si kitu cha kuguswa," mama alimwambia. "Mpelekeni mtoto hospitali."

Kilichomtesa hakikuwa wageni, wala naamini hakikuwa saratani. Alikuwa akisubiri, na hakuna kilichokuja. Wakati mwingine nilimkuta ameacha kikombe njiani kuelekea mdomoni, ameinamisha kichwa kama alivyofanya shambani zamani, kisha akakiweka chini.

"Hanisemeshi tena," aliniambia. "Zamani hata nikiwa napepeta mahindi. Sasa nyumba tupu."

Mtu asiyeamini atasema kwamba ni ugonjwa na dawa. Sina haja ya kubishana naye. Ninasema tu kwamba mwanamke aliyeishi na Mungu kama mtu anavyoishi na mwenzake wa nyumbani aliwekwa, mwishoni mwa maisha yake, katika hali ya mke aliyefukuzwa. Na waliomweka humo walifanya hivyo wakiimba.

Kisha akaamua. Katika usharika wetu, na katika sharika nyingi za Iringa, mtu aliyefanya kosa lililo wazi hutengwa, na akitubu hurudishwa kundini mbele ya watu wote. Husimama mbele ya madhabahu siku ya ibada, hutaja kosa, mchungaji humtamkia ondoleo, na wazee wa kanisa humpa mkono. Wanaosimama pale kwa kawaida ni wasichana waliopata mimba na wanaume waliooa mke wa pili. Mama, ambaye hakuwa ametengwa hata siku moja, alimwita mchungaji na kuomba arudishwe kundini.

Mchungaji alikuwa kijana mpole, asiyependa kukosana na watu.

"Mama, umekosa nini?"

"Niliitwa nikakataa."

"Hilo ni la moyoni. Tunaweza kuomba hapahapa, mimi na wewe."

"Nililisema mbele ya watu," mama alisema. "Nitaliondoa mbele ya watu."

Alikuna kichwa, akanitazama mimi nimsaidie. Sikumsaidia. Akakubali.

Habari zilifika Mbeya. Jumapili ile asubuhi gari alilokodi mdogo wangu liliingia uani likiwa limejaa wapendwa wake, na yeye akanivuta nyuma ya jiko.

"Dada, ukimwacha aliseme lile neno, utakuwa wewe ndiye uliyemuua."

"Anakufa, mdogo wangu. Ameanza kufa tangu mwaka jana. Ni wewe tu ambaye hujaambiwa."

"Mimi nimeambiwa kinyume chake."

"Na nani?"

Alinitazama kwa macho ya mtoto niliyewahi kumbeba mgongoni. "Unadhani naigiza," alisema. "Nasikia, dada. Nikifumba macho nasikia: hatakufa, hatakufa."

"Hata mimi nilikuwa nikisikia hivyo," nilimwambia. "Ni wewe mwenyewe ndiye unayesema."

Lilikuwa neno kali, wala silijutii. Alifuta uso, akaenda kuwaita wenzake.

Tulimpeleka mama kanisani kwenye kiti, tukambeba mimi na majirani. Baada ya mahubiri mchungaji alimwita. Nilimwinua, nikamshika kiunoni; alikuwa mwepesi kama fungu la majani ya maharage. Alikataa kugeuka kwa watu. Alisimama akiitazama madhabahu.

"Mama yetu," mchungaji alisema, "una neno gani mbele ya usharika?"

"Niliitwa," mama alianza.

Hapo mdogo wangu alianzisha pambio kutoka upande wa wanaume. Ana sauti nzuri. Alikuwa nayo tangu shule ya Jumapili. Wapendwa wake walilipokea mara moja, na kabla mtu hajajua kinachofanyika, usharika mzima ulikuwa umesimama, unapiga makofi. Siwalaumu kwa nia mbaya, kwa sababu hawakuwa na nia yoyote. Waliona bibi mgonjwa mbele, walisikia wimbo wanaoupenda, wakafanya kile ambacho miili yao imezoea kufanya. Mpiga ngoma akaikumbatia ngoma yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mchungaji aliinua mkono mara kadhaa, kisha mkono ule ule ukaanza, kwa aibu, kufuata mdundo.

Mama hakunyamaza. Nilikuwa nimemshika, sikio langu karibu na mdomo wake, nikasikia. Alisema aliitwa, akasema alikataa kwa kumwonea huruma mtoto wake, akasema sasa anaitika. Alisema polepole, bila kupaza sauti, akiacha nafasi mahali pa kuacha nafasi, kama anayezungumza katika chumba kitulivu. Alipomaliza alisema amina. Wimbo ukaendelea mbele, ukarudiwa, ukapandishwa sauti. Ulipokwisha mchungaji hakujua afanye nini. Hakuwa amesikia toba, hivyo hakuweza kutamka ondoleo. Alimwekea mama mkono kichwani kwa muda mfupi na kutangaza sadaka. Wazee wa kanisa, ambao walikuwa wamekwisha kujipanga kama desturi inavyotaka, wakaja mmoja mmoja kumpa mkono.

"Hongera, bibi," walimwambia. "Hongera sana."

Siku mbili tatu baadaye mchungaji alikuja nyumbani, peke yake, amevaa kanzu chini ya koti la mvua. Dhamiri ilikuwa imemsumbua. Ninampa sifa hiyo. Alipiga magoti karibu na kitanda.

"Mama, sema sasa. Nitasikia."

"Nilishasema."

"Mimi sikusikia, mama."

"Najua," alisema, akageuza uso ukutani. Mchungaji alimpa meza ya Bwana, naye akapokea.

Kama kimya kile kilimtoka, kama aliitwa tena, hakunieleza, nami sikumwuliza. Nilimtazama tu. Sikumwona tena akiinamisha kichwa kusikiliza. Inawezekana hakuhitaji tena. Inawezekana pia alikuwa amekata tamaa. Nimekwisha kuzigeuzageuza picha hizo mbili kwa muda mrefu, na anayedai kuzitofautisha kwa kuangalia tu uso wa mgonjwa ananidanganya.

Alikufa mchana, wakati majirani walipokuwa mashambani wakivuna maharage. Pumzi ilipoanza kukatika nilimpigia mdogo wangu simu, kwa kuwa ni haki yake, na akaniomba niweke simu karibu na sikio la mama. Nikaiweka. Hakumuaga. Alianza kukemea, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, akiamuru roho irudi, akimwamuru mama abaki, asiende, akatae. Mama alikunja uso kama anavyokunja mtu anayezuiwa mlangoni na mzigo mkononi. Nilikata simu. Niliizima kabisa. Nikamwambia, "Mama, nenda." Mikunjo ikamtoka usoni taratibu, na baada ya muda pumzi haikurudi.

Siku ya mazishi, kabla ya kuelekea kaburini, wazee wa ukoo walifanya kama ilivyo desturi kwetu: walimtaka aliyemuuguza asimame aeleze ugonjwa wa marehemu na neno aliloliacha. Mdogo wangu alisimama kabla yangu. Alisema Mungu alikuwa amemfunulia kwamba mama amemaliza kazi ya ushuhuda wake, na kwamba ameondoka kwa hiari yake, kwa ushindi. Watu wakasema amina. Alikuwa amevimba macho, aliyaamini aliyoyasema, alihitaji kuyaamini ili aendelee kusimama.

Nikasimama na mimi. Nilisema kwamba mama yetu aliitwa na Mungu wake akiwa Mbeya, akatuomba tumlete nyumbani aitike, nasi tukamlazimisha kusema hapana. Nilisema kwamba aliishi tangu mahindi yalipopandwa akiamini amemfukuza Mungu. Nilisema: alikuja mbele yenu kuliondoa neno lile, akaliondoa, na hakuna hata mmoja aliyemsikia kwa sababu mlikuwa mnaimba. "Hilo ndilo neno aliloliacha," nilisema, nikakaa.

Mke wa mdogo wangu alianza kulia kwa sauti, akanyamazishwa. Mzee aliyekuwa karibu nami aliinama kurekebisha kiatu chake, akakaa ameinama hivyo muda mrefu kuliko kiatu kinavyodai. Mdogo wangu alikuwa akinitazama kutoka upande wa pili wa jeneza, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa ule uanze hakuwa na neno kutoka mbinguni. Alikuwa mtu tu, mwenye mdomo wazi. Sikumwonea huruma saa ile. Mshereheshaji alikohoa, akaangalia ratiba yake, akatangaza kwamba muda umekwenda na kwamba sasa familia itapokea mashada. Alimtaja mdogo wangu kwanza. Akashikishwa shada, akabaki amelishika.